Nani Anashika Kalamu? Historia Fupi ya Ruhusa katika Matini za Pamoja

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari lenyewe limehamia mtandaoni. Walimu wa Kiswahili huandika pamoja mihtasari, faharasa za istilahi, hata mitihani, kila mmoja akiwa kwake, katika faili moja ambayo wote wanaiona. Jambo hili limeleta nafuu kubwa. Hata hivyo limeleta pia swali ambalo wengi wetu hulipita haraka kwa kubofya kitufe: nani aruhusiwe kusoma, nani atoe maoni, na nani ashike kalamu?

Makala haya yanadurusu historia ya swali hilo. Yanadai kwamba si swali la mafundi wa kompyuta peke yao, bali ni swali ambalo Kiswahili kilikwisha kulijibu mara kadhaa, na si mara zote kwa haki.

Tuanzie hapa Gisenyi, mji ambao tangu mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 umo katika Wilaya ya Rubavu. Mkazi wa mji huu hahitaji kufundishwa maana ya ruhusa. Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, yaani CEPGL, iliundwa hapa hapa mwezi Septemba 1976 na nchi za Rwanda, Burundi na Zaire, na makao yake yakawekwa hapa. Watu wa mpakani walijua kwamba hati hazilingani. Ipo iliyomtosha mchuuzi anayekwenda Goma asubuhi na kurudi jioni, ipo hati ya CEPGL kwa safari za nchi wanachama, na ipo pasipoti. Anayevuka ni yule yule, lakini karatasi aliyoshika ndiyo huamua afike wapi na akae muda gani. Ukiielewa kanuni hiyo, umeelewa nusu ya elimu ya ruhusa katika kompyuta.

Sasa tuitazame lugha yenyewe. Rwanda ilikuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani hadi mwaka 1916, na Kiswahili kiliingia hapa pamoja na wafanyabiashara, askari na makarani. Baada ya hapo nchi ikawa chini ya Wabelgiji. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Kamati hiyo ilihudumia Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Kitabu cha shule kilipaswa kupata kibali chake kabla ya kutumiwa darasani.

Kwa lugha ya leo tungesema hivi: Kamati ilikuwa mmiliki wa faili. Katika miaka yake ya mwanzo Waafrika wenyewe, wenye lugha, hawakuwa wajumbe. Nao wasemaji wa Gisenyi, Bukavu au Bujumbura hawakuwa hata katika orodha ya watazamaji. Hatusemi haya ili kuibeza kazi ya Kamati. Bila usanifishaji tusingekuwa na kamusi ya mwaka 1939 wala msingi ambao juu yake zilijengwa TUKI mwaka 1964 na BAKITA mwaka 1967. Tunachosema ni kwamba ruhusa ikishagawiwa huacha alama katika matini kwa muda mrefu kuliko umri wa aliyeigawa.

Kwa upande wa kompyuta, kisa kinaanzia katika chuo cha MIT, Marekani. Mwaka 1961 Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo wa CTSS ulioruhusu watu wengi kutumia kompyuta moja kwa zamu za haraka sana. Kwa kuwa mashine ilikuwa moja na watumiaji wengi, kila mtu alipewa nenosiri lake ili faili zake zisichezewe. Katikati ya miaka hiyo ya 1960 lilitokea tukio ambalo Corbató mwenyewe alilisimulia baadaye. Wasimamizi wawili walikuwa wakihariri faili mbili tofauti kwa wakati mmoja, wote wakiwa katika sehemu moja ya mfumo. Faili za muda walizofanyia kazi zilikuwa na jina moja, zikabadilishana. Matokeo yake, kila aliyeingia badala ya kusoma tangazo la siku alisoma maneno ya siri ya watumiaji wote!

Hapakuwa na mwizi katika kisa hicho. Palikuwa na watu wawili waaminifu wenye uwezo mkubwa mahali pamoja. Hili ni funzo ambalo walimu tunapaswa kulishika: hasara nyingi katika kazi za pamoja hutoka kwa rafiki aliyepewa uwezo kuliko kazi yake ilivyohitaji.

Mradi uliofuata, Multics, ulioanza mwaka 1965, uliweka orodha katika kila faili ikitaja nani anaweza kufanya nini. Unix, iliyozaliwa katika maabara ya Bell mwaka 1969, ilirahisisha: watu wa aina tatu, yaani mwenyewe, kikundi chake na wengine wote, na vitendo vitatu, yaani kusoma, kuandika na kuendesha programu. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliieleza wazi kanuni ambayo mpaka leo haijapitwa na wakati: kila mtu apewe uwezo unaomtosha kwa kazi yake, usiozidi hapo.

Kisha ikaja fikra ya kinyume. Mwaka 1995 Ward Cunningham alifungua tovuti ambayo msomaji yeyote aliweza kuihariri, akaiita kwa neno la Kihawaii, wiki, lenye maana ya haraka. Wikipedia ilifuata mwezi Januari 2001, na Wikipedia ya Kiswahili ikaanzishwa mwaka 2003. Hapo mlango u wazi, lakini daftari lipo. Kila badiliko huandikwa katika historia ya ukurasa na laweza kurudishwa. Hata hivyo mlango haukubaki wazi kabisa. Mwezi Desemba 2005, baada ya habari za uongo kuhusu mwandishi wa habari John Seigenthaler kukaa katika Wikipedia ya Kiingereza kwa miezi kadhaa, wasiojiandikisha walizuiwa kuanzisha kurasa mpya humo.

Kati ya njia hizi mbili ulikuwapo mradi unaotuhusu moja kwa moja. Kamusi Hai ya Kiswahili mtandaoni, iliyoanzishwa na Martin Benjamin katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994, iliwaalika wasemaji popote walipo kupendekeza maneno na maana, nao wahariri wakayapitia kabla ya kuyathibitisha. Mlango ulikuwa wazi, na bawabu alikuwapo.

Utaratibu huo ndio uliokuja kuwa wa kawaida. Programu ya Writely, iliyotoka mwaka 2005 na kununuliwa na Google mwaka 2006, ikawa mzazi wa Google Docs. Leo mtumiaji hukutana humo na ngazi nne: mmiliki, mhariri, mtoa maoni na mtazamaji.

Je, ngazi hizi zina uzito gani kwetu? Tuchukue mfano wa faharasa ya Kiswahili inayoandaliwa na walimu wa Rubavu pamoja na wenzao wa pwani. Mwalimu wa Gisenyi anaingiza nomino sambaza, kwa maana ya samaki wadogo wa Ziwa Kivu, ambao asili yao ni Ziwa Tanganyika na waliletwa huku mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwenzake wa pwani analijua neno hilo kama kitenzi tu, naye samaki wa namna hiyo humwita dagaa. Anaona kosa, analifuta. Vivyo hivyo neno makala, ambalo upande wa Kongo ni mkaa wa kupikia, kwake ni maandishi kama haya unayoyasoma. Akiwa mhariri, neno litatoweka kimya kimya. Akiwa mtoa maoni, ataacha swali pembeni, mwenziwe atajibu, na faharasa itatoka na maana zote mbili zikiwa na alama ya mahali zinakotumika. Huenda naye mwalimu wa Gisenyi akasahihishwa pale alipokosea, jambo ambalo nalo ni la faida.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo machache kwa idara na vyama vya wanafunzi. Kwanza, faili ya pamoja isimilikiwe na akaunti binafsi ya mtu mmoja. Akaunti ikifutwa, faili zake huenda zikafutwa pamoja nayo zisipohamishwa mapema. Pili, kiungo kinachomruhusu yeyote kuhariri kisitumiwe kwa mitihani wala alama. Tatu, ikumbukwe kwamba kwa kawaida mhariri anaweza kuwaalika wengine, isipokuwa mmiliki akiufunga uwezo huo. Nne, orodha ya walioruhusiwa ipitiwe kila mwisho wa muhula. Tano, na hili ni kubwa kuliko yote, ngazi zigawiwe kwa kazi, zisigawiwe kwa cheo wala kwa lafudhi.

Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 ikakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikajiunga na Jumuiya mwaka 2022. Mwaka 1930 wasemaji wa pande hizi hawakuwa na kiti mezani. Leo wanacho, na meza yenyewe mara nyingi ni faili ya mtandaoni. Ndugu msomaji, utakapofungua faharasa mpya na kuulizwa nani apewe ruhusa gani, usibofye kwa haraka. Tafuta kwanza kama yumo anayejua sambaza ni nini, na uhakikishe anaweza kuandika.