Picha Bora ni Ipi?

Mara nyingi nimesikia watu wakibishana juu ya picha. Mmoja husifu mwanga, mwingine husifu kamera ya bei kubwa, na wa tatu husema kuwa picha bora ni ile isiyohitaji maelezo, kwani mwenye macho haambiwi tazama. Hoja hii ya tatu ina wafuasi wengi, nami siikubali. Nitaipinga kwa picha moja tu, iliyopigwa Kongo mwaka 1904.

Katika picha hiyo yupo mwanamume ameketi ukingoni mwa baraza. Hamtazami mpiga picha. Macho yake yameelekea vitu viwili vidogo vilivyolala mbele yake. Haonekani kulia wala kulalamika. Mtu akiiona picha hiyo bila kuambiwa neno, aweza kudhani kuwa huyo ni mtu apumzikaye baada ya kazi, akapita zake.

Sasa na aambiwe. Mwanamume huyo aliitwa Nsala, wa kijiji cha Wala. Vitu vile viwili ni mkono na mguu wa binti yake Boali, mtoto wa miaka mitano hivi. Walinzi wenye silaha wa ABIR, kampuni iliyokuwa ikikusanya mpira katika eneo hilo, walikuwa wamemwua. Viungo hivyo vilifungwa katika majani, Nsala akavipeleka Baringa, kwenye kituo cha wamisionari, ili wapatikane watu wa kushuhudia. Hapo alikuwapo Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza mwenye kamera. Akampiga picha.

Wakati huo Kongo haikuwa koloni la serikali ya Ubelgiji. Tangu mwaka 1885 ilikuwa chini ya mtu mmoja, Mfalme Leopold wa Pili, ambaye hakuwahi kuikanyaga ardhi yake. Magurudumu ya baiskeli na motokaa za Ulaya na Marekani yalihitaji mpira, na wanakijiji walilazimishwa kuingia msituni kuutafuta. Kijiji kilichopungukiwa kiliadhibiwa. Askari walitakiwa kutoa hesabu ya risasi walizotumia, na mikono iliyokatwa ndiyo iliyokuwa hesabu. Habari hizo zilikuwa zimekwisha kuandikwa. Ripoti ya Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, ilitolewa mapema mwaka uleule wa 1904. Lakini maandishi hukanushika, na watetezi wa mfalme waliyaita uzushi. Picha ilikuwa vigumu zaidi kuikana. Mark Twain, katika kijitabu chake cha mwaka 1905 cha kumkejeli Leopold, alimfanya mfalme alalamike kuwa kamera ya Kodak ndiye shahidi pekee aliyeshindwa kumhonga.

Alice na mumewe John walizunguka na picha hizo Uingereza na Marekani, wakizionyesha kwa taa mbele ya mikutano. Hawakuziacha zijisemee. Walieleza zilipopigwa na yaliyotendeka huko. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia Kongo, ikachukuliwa na serikali ya Ubelgiji. Sidai kuwa picha peke yake ndizo zilizomwondoa, wala kwamba mateso ya Wakongo yalikoma siku ile. Nadai tu kuwa baada ya picha hizo ilikuwa shida mtu kusema hakujua.

Basi ubora wa picha ya Nsala uko wapi? Kwanza uko katika utulivu wake. Kama angekuwa amemgeukia mpiga picha akilia, tungemwonea huruma yeye tukaishia hapo. Kwa kuwa ametulia, twalazimika kuyafuata macho yake mpaka pale yanapotazama. Pili, uko katika ukweli wa maneno yanayoandamana nayo. Ondoa jina la Nsala, na la Boali, na la kampuni, nayo itabaki karatasi yenye sura ya mtu.

Nyumbani kwetu limo sanduku la bati lenye picha za ukoo. Moja ilipigwa studio: vijana watatu waliovaa kanzu wamesimama mbele ya pazia lililochorwa bahari. Mwanga ni safi, nyuso zao zina heshima. Wazee waliowajua wamekwisha kufariki, na nyuma ya karatasi hapana hata herufi moja. Ni picha nzuri, lakini vijana wale wamepotea wakiwa mbele ya macho yetu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kwa maoni yangu picha bora ni ile ambayo, ukishapewa maneno machache ya kweli, huwezi tena kuitazama kama ulivyoitazama kwanza. Mwenye kamera hufanya nusu ya kazi. Nusu ya pili ni ya mwenye kalamu, naye hana budi kuifanya wakati wanaojua wangali hai.