Nyumba ya Kwihara ni ya nani, na ya lini?

Mashariki ya vilima vya Vuhovi, katika Kivu Kaskazini, kuna bonde la Semliki. Mwaka 1889 msafiri Stanley, yule Bula Matari wa wazee wetu, alipita huko pamoja na gavana wa zamani Emin Pasha wakielekea pwani. Nimezifuata safari zake kinyumenyume, miaka ya nyuma, hadi Kwihara, kilomita 6 hivi kutoka Tabora, Tanzania. Hapo pana tembe jekundu, yaani nyumba ya udongo, na wageni huambiwa: hii ni nyumba ya mmisionari Livingstone, ilijengwa 1857, naye aliishi humu 1871. Madai matatu kwa pumzi moja. Lipi linasimama?

Nikaanza na 1871. Shajara ya Livingstone inamweka Nyangwe, kwenye mto Lualaba, kisha Ujiji. Aliyekuwa Kwihara mwaka huo ni Stanley: alifika Juni, akaondoka Septemba kwenda kumtafuta. Walikutana Ujiji, na ni tarehe 18 Februari 1872 ndipo Livingstone alipoingia Kwihara. Stanley alifanya nini humu miezi ile ya Juni hadi Septemba?

Alijihami. Agosti 1871 aliungana na Waarabu wa Tabora kupigana na Mirambo, chifu wa Wanyamwezi, wakashindwa, na sehemu ya mji ikachomwa. Stanley akatoboa kuta za tembe ili bunduki zipate pa kutokea. Tembe lilimfaa kwa kazi hiyo: vyumba vinazunguka ua, kuta ni nene za udongo, paa ni bapa, la miti iliyokandikwa udongo, lisilowaka upesi kama nyasi. Vitabu vya watalii huuita usanifu huo wa Kiarabu. Mimi nina shaka. Wagogo na Wanyamwezi walikuwa na matembe yao. Wageni wa pwani walileta baraza na mlango wa nakshi. Mlango ukitoka pwani, nyumba nzima inakuwa ya pwani?

Dai la 1857 lilinipeleka kwa wasafiri Waingereza Burton na Speke, waliofika Kazeh, Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba mwaka huo. Njia ikafungika hapo hapo: walikaribishwa Kazeh, si Kwihara. Nahisi mwaka wao mashuhuri ulibandikwa tu kwenye nyumba mashuhuri. Kisha kuna mwaka mwingine unaotajwa kwa sauti ya chini: 1957. Ndio mwaka tembe lilipojengwa upya. Basi mgeni anagusa ukuta gani?

Anagusa ukuta wa 1957, na si aibu. Udongo huliwa na mvua. Tembe lisilokandikwa huanguka. Lakini mahali pana historia yake. Stanley aliondoka 14 Machi 1872, na Livingstone akabaki akisubiri wapagazi kutoka pwani hadi 25 Agosti, alipoanza safari ambayo hakurudi. Mbona simulizi huishia hapo?

Oktoba 1873 Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, na wenzao walifika hapa wakiwa na maiti yake, wameibeba tangu kijiji cha Chitambo alikofia. Cameron, msafiri Mwingereza aliyekuwa Kwihara, aliwashauri wamzike. Walikataa, wakaendelea hadi Bagamoyo. Kwangu mimi, hilo ndilo tukio kubwa kuliko yote ya Kwihara. Ukifika huko, msomaji, mwombe mwongozaji aanze na majina ya Chuma na Susi, na autaje mwaka 1957 bila kunong'ona.