LAPTOPU YA MTUMBA: FAIDA NA HASARA ZA ThinkPad T480 BAADA YA MWEZI MMOJA



Tangu nianze kuonekana na laptopu mtaani, swali ni lile lile kila siku: "Kaka, inalipa au bora niendelee kukaa kafe?" Nimeona niweke majibu yote hapa ili nikiulizwa tena nielekeze mtu asome mwenyewe. Mimi si fundi. Ni mhitimu wa kidato cha sita ninayeandika makala za kulipwa, basi. Ila mashine nimeitumia mwezi mzima na hesabu zake ninazo.

MASHINE YENYEWE
Ni Lenovo ThinkPad T480, iliyotumika, nimeichukua Kariakoo kwa Sh. 640,000. Kioo inchi 14, prosesa Intel Core i5-8350U, RAM GB 8, SSD GB 256. Modeli hii ilitoka mwaka 2018. Nyingi zilizopo madukani zilikuwa za maofisi ya Ulaya na Marekani, wakabadilisha mashine, hizi zikauzwa kwa jumla mpaka zikatufikia huku.

FAIDA

1. Inakubali Windows 11. Hili wengi hawalijui na wauzaji hawalisemi. Microsoft waliacha kutoa masasisho ya kawaida ya bure ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo haikubali kila mashine: kwa upande wa Intel inaanzia karibu yote kizazi cha 8 kwenda mbele. Namna ya kujua kizazi ni rahisi, angalia namba baada ya kistari. i5-8350U inaanza na 8, basi ni kizazi cha 8. i5-7300U ni cha 7. Ndiyo maana T470 utaiona ina bei ya chini na kwa sura inafanana kabisa na T480, lakini Microsoft hawaitambui kwa Windows 11. Ukiikuta T470 kwa bei nzuri sana na uko tayari kutumia Linux Mint au Ubuntu, hiyo ni habari nyingine.

2. Ina viini 4 vya prosesa. T470 ilikuwa na 2. Kwangu mimi ninayefungua kurasa kumi za intaneti huku naandika, tofauti naiona.

3. Ina betri mbili, moja iko ndani na nyingine nyuma unaichomoa kwa mkono. Ukichomoa ya nyuma, ya ndani inaendelea kubeba mashine, kwa hiyo unaweza kubadilisha betri bila kuzima. Kwa sisi ambao umeme unakatika katikati ya kazi, hii ni raha.

4. RAM unaongeza mwenyewe. Ina nafasi mbili za RAM ya DDR4. ANGALIZO: T480s, yenye "s" mwishoni, ni mashine tofauti. Nyembamba na nzuri, ila RAM yake moja imechomelewa kwenye bodi na nafasi inabaki moja tu. Usiuziwe "s" ukidhani ni ile ile.

5. Matundu yapo ya kutosha: USB za kawaida mbili, USB-C mbili, HDMI, tundu la waya wa intaneti, na sehemu ya kadi ya kamera. Sihitaji kununua adapta.

HASARA

1. Kioo kina mwanga mdogo. Ndani hakuna shida, ila ukikaa barazani mchana unajiona sura yako tu. Halafu kuna T480 zenye kioo cha 1366×768 na zenye 1920×1080, kwa nje hazina tofauti. Sisitiza ya pili, maandishi yanatulia.

2. Betri zimechoka. Betri ya nyuma nene ikiwa mpya inabeba Wh 72, yangu imebaki 43. Ya ndani mpya ni Wh 24, yangu 17. Yaani kati ya Wh 96 ninazo 60. Nikiandika na intaneti ikiwa wazi mashine inakula kama wati 10, kwa hiyo napata saa 6 hivi. Kwa betri iliyotumika siyo mbaya, ila muuzaji alikuwa anatamba kuwa ni "siku nzima".

3. Chaja. Chaja niliyopewa dukani haikuwa na jina lolote na ilikuwa inapata moto mpaka huwezi kuishika. Niliirudisha siku ya pili, tukabishana weee, mwisho wakanipa ya wati 65 iliyo sawa. Kichwa chake hakiingii kwenye soketi zetu za matundu matatu, nikaongeza Sh. 5,000 ya adapta.

4. Tundu la USB-C. Hili ni tatizo linalojulikana na Lenovo wenyewe walitoa sasisho: baadhi ya ThinkPad za miaka ya 2017 hadi 2019 zina kasoro kwenye programu ya ndani ya Thunderbolt, na tundu linaweza kuacha kuchaji. Yangu iko salama na sasisho nimeliweka siku ile ile. Wewe pia ukinunua weka mapema, usisubiri.

5. Waranti ni ya mwezi mmoja tu, na betri haimo.

JE, INALIPA? HESABU HII HAPA
Gharama zangu zote: mashine 640,000, begi 25,000, adapta 5,000. Jumla Sh. 670,000.

Kafe ninayokaa wanatoza Sh. 1,000 kwa saa. Nilikuwa nakaa saa 4 kwa siku, siku 22 kwa mwezi, yaani Sh. 88,000. Sasa nanunua bando la Sh. 30,000 kwa mwezi, naokoa Sh. 58,000. Ukigawa 670,000 kwa 58,000 unapata kama miezi 12. Umeme siuweki kwenye hesabu kwa sababu kujaza betri zote mbili ni chini ya sehemu moja ya kumi ya uniti ya LUKU.

Kwa hiyo kwangu mimi itarudisha hela yake ndani ya mwaka, kama haiharibiki kitu kikubwa. Na kuna faida nyingine: kazi zinazoletwa saa tatu usiku zikitakiwa asubuhi nilikuwa nazikataa, sasa nazichukua.

Lakini sikiliza wewe unayeingia kafe saa moja kwa siku kusoma barua pepe, kujaza fomu ya mkopo wa HESLB au maombi ya chuo. Saa 22 kwa mwezi ni Sh. 22,000. Hiyo ni ndogo kuliko bando langu! Kwako laptopu HAITALIPA hata ukae nayo miaka mitano, labda kama kuna kazi itakayokuingizia hela. Na hata ukiwa nayo, kuprinti na kuskani utarudi kafe tu. Kwa hiyo usimsumbue mzee auze mbuzi kwa sababu umeona wenzako wanazo.

UKIENDA DUKANI FANYA HAYA KABLA YA KUTOA HELA

1. Usiamini stika. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, usome jina la prosesa na RAM mwenyewe.

2. Bonyeza Windows, andika cmd, ifungue, kisha andika powercfg /batteryreport. Linatoka faili linaloonyesha betri ilitengenezwa na uwezo gani na sasa imebaki na uwezo gani. Ikiwa chini ya nusu, omba wabadilishe au wapunguze bei.

3. Izime, iwashe, bonyeza F1 uingie BIOS. Ikiomba paswedi na muuzaji haijui, iache hapo hapo. Kwa ThinkPad paswedi ya juu ya BIOS ikipotea, Lenovo wenyewe wanasema dawa yake ni kubadilisha bodi.

4. Chomeka chaja kwenye USB-C zote mbili, moja baada ya nyingine. Zote zinatakiwa kuchaji.

5. Fungua ukurasa mweupe kwenye kioo kizima utafute madoa. Kisha bonyeza kila herufi ya kibodi.

6. Linganisha namba ya mashine iliyoandikwa chini na iliyomo kwenye BIOS. Zikitofautiana, uliza kwa nini.

7. Dai risiti ya EFD yenye namba hiyo. Siku polisi wakikuuliza umeitoa wapi, hiyo ndiyo kinga yako.

UAMUZI WANGU
Ningekuwa na hela ile ile leo, ningechukua T480 tena, ya kioo cha 1920×1080, na ningegombania betri kuliko stika na mng'ao. Mkwaruzo kwenye mfuniko haukuzuii kufanya kazi, betri iliyokufa inakuzuia.

Wenye T480, T490 au HP na Dell za umri huo, tupeni uzoefu wenu hapo chini: ulinunua bei gani, betri imebaki ngapi. Tuwasaidie wanaojipanga kwenda Kariakoo mwisho wa mwezi.

Nawasilisha.