Kwa Nini Jani Huzeeka na Kugeuka Manjano

 

Ninyi wa Lushoto mnalijua shamba la njegere. Maganda yakikomaa, majani hugeuka manjano, kisha hukauka. Wengine huogopa, wakidhani ni ugonjwa. Lakini mmea una agizo la kufanya hivyo, na agizo hilo hurithiwa.

Habari hii ilianza mbali, katika mji wa Brno, Ulaya. Huko mtawa mmoja, Gregor Mendel, alianza kuchunguza njegere mwaka 1856. Alikuwa na mbegu za namna mbili: moja ikikauka huwa ya manjano, nyingine hubaki kijani. Akazichanganya. Watoto wote wakawa manjano. Akawapanda watoto hao, akahesabu wajukuu: mbegu 8,023. Za manjano zilikuwa 6,022, za kijani 2,001. Yaani karibu tatu kwa moja. Rangi ya kijani haikufa. Ilijificha tu, kama sura ya babu isiyoonekana kwa baba, ikatokea kwa mjukuu.

Mendel alichapisha kazi yake mwaka 1866, lakini wachache waliijali hadi mwaka 1900. Baadaye elimu ya urithi ilitumika hata katika milima yetu ya Usambara. Katika miaka ya 1930, wataalamu wa kituo cha Amani waliuchanganya mhogo na mti wa mpira ulio wa jamii yake, wapate mhogo unaostahimili magonjwa.

Mwaka 2007 wataalamu waliitambua jeni, yaani chembe ya urithi, inayotawala rangi ile ya njegere za Mendel. Jeni hiyo husaidia kuvunja kitu cha kijani jani linapozeeka. Wakati huo mmea hutoa chakula katika jani zee na kukipeleka kwenye mbegu. Jeni ikiwa na kasoro, jani huzeeka likiwa kijani, lakini nguvu yake ya kutengeneza chakula hupungua vilevile. Kumbe kijani si uzima siku zote!

Basi, majani yakigeuka manjano wakati mbegu zinakomaa, usitupe fedha kununua dawa. Yakigeuka kabla ya maua, mwite bwana shamba upesi. Huenda udongo una njaa, au ugonjwa umeingia.

Maswali ya darasa:
1. Kwa nini mbegu za kijani zilitokea tena kwa wajukuu?
2. Jani zee hupeleka wapi chakula chake?