Kufuta na Kuumbiza: Safari ya Maneno Mawili

Katika makala haya tunakusudia kupambanua maneno mawili ambayo, tukiyachanganya, yaweza kutufanya tuzitoe siri za ofisi kwa mikono yetu wenyewe.

Kitenzi "futa" ni cha zamani. Katika vyuo vya Kurani vya pwani, mwanafunzi aliandika juu ya ubao, akauosha, kisha akaandika somo jingine. Bara nako, kama huku Rungwe ambako Wamoravian walianzisha misheni mwaka 1891, shule za wamisionari zilileta vibao vya mawe. Mahali pote hapo, aliyefuta aliona kwa macho yake kwamba maandishi yametoweka.

Diski laini ilipoanza kuuzwa na IBM mwaka 1971, uhakika huo ulikwisha. Diski haikuandikika mpaka igawanywe kwanza katika njia na vyumba, na iwekewe orodha ya yaliyomo. Faili ikifutwa, kinachoondolewa ni jina lake katika orodha; maandishi yenyewe hubaki hadi yaandikwe mengine juu yake.

Kwetu istilahi za kazi hiyo zilichelewa, kwa sababu mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Marufuku hayo yalipolegezwa, mashine na maneno yake viliingia pamoja, na maofisini likazoeleka neno "kufomati". Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Siku hizi programu za Kiswahili hutumia "umbizo", neno litokanalo na "umba", yaani kutia sura.

Tuchukue mfano wa ofisi moja pale Kyimo, kando ya barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu. Karani anayo flashi ya gigabaiti 64 iliyotumika kuwekea kompyuta mfumo endeshi, naye anataka kuhifadhi barua ndani yake. Programu iliyoiandaa huenda ilitenga sehemu ya gigabaiti 32 tu. Akiambiwa "ifute", atafuta faili zote, na flashi itabaki nusu. Hata akiiumbiza sehemu hiyo, nusu ya pili haitaonekana. Hana budi kuondoa migao yote, kuunda mgao mmoja mpya, ndipo auumbize.

Tena, kuumbiza kwa haraka hutengeneza orodha mpya tu. Kama flashi hiyo ilibeba majina ya watahiniwa au mishahara ya watumishi, atakayeipokea aweza kuyafufua kwa programu maalumu. Mkulima wa migomba anaelewa jambo hili: aliyekata mgomba hajang'oa kisiki.

Kwa hiyo tunapendekeza matendo matatu yatajwe kwa maneno matatu: "kufuta" kwa kuondoa faili, "kuumbiza" kwa kuitia diski sura mpya, na "kufutilia mbali" kwa kuandika juu ya kila chumba hata kisisalie kitu. Na kwa kuwa "umbizo" hutumika pia kwa sura ya maandishi, mfasiri aseme wazi "kuumbiza diski". Mwongozo ukisema "futa" pekee, msomaji atatii neno, na siri itabaki ndani ya flashi.