Heshima haifundishwi na chati ya ukutani

Wasee, ukikaa Lodwar kuna maneno utayasikia. Mtu anapanda gari la Kitale, ukimuuliza anaelekea wapi anakwambia, "Naenda Kenya." Wageni wa Nairobi hucheka. Mimi hata sicheki, maana hiyo ni historia.

Wakoloni waliifunga Turkana. Mgeni hakuingia bila kibali, na sheria ya wilaya maalum ya 1934 iliwapa maafisa nguvu nyingi juu ya watu wa huku. Walipotaka kumweka Jomo Kenyatta mbali na watu wake, walimleta kwetu: Lokitaung kwanza, halafu Lodwar mwaka 1959. Yaani nyumbani kwetu palitosha kuwa adhabu! Uhuru ukaja, sheria ikabaki kwenye vitabu hadi 1997. Na ule Waraka wa Serikali Namba 10 wa 1965 ulisema pesa za maendeleo ziende pale zitakapozaa zaidi. Si mnajua ni wapi. Huku haikuwa.

Sasa njoo 1992. Vijana wa Sudan waliokuwa wamekimbilia Ethiopia walilazimika kutoka huko Mengistu alipoanguka 1991, wakatembea mpaka wakafika Kakuma. Kambi ikaanza. Baadaye wakaja Wasomali, Wakongo, Warundi na wengine. Shule zikajengwa kambini, zikafuata mtaala wa Kenya.

Jiweke kwa mtoto wa Kiturkana wa miaka hiyo. Ukame umemaliza mbuzi. Mama anabeba kuni na makaa kuuzia wakimbizi, ndio apate unga. Malori ya chakula yanapita mbele ya manyatta yenu yakienda kwa mgeni. Halafu mtu mzima anakwambia, "Heshimu wakimbizi." Na yule mtoto wa Kidinka naye ameambiwa aheshimu wenyeji, wale wanaomtazama kana kwamba amekula mgao wao. Wote wawili wako sawa kukasirika. Ila wamekasirikiana wao kwa wao, na aliyepanga hesabu hiyo hayuko hapo.

Ndio maana sina imani sana na maadili ya kukariri. Mtaala wa umilisi una orodha nzuri kabisa: upendo, heshima, umoja, amani, uzalendo na mengine. Chati iko ukutani, watoto wanaisoma kwa sauti kama wimbo. Lakini mtoto ni mjanja, anaangalia nani amekaa wapi, nani amekula, nani anaitwa kwa jina lake na nani anaitwa "wewe mkimbizi".

Kalobeyei, iliyofunguliwa 2016, ilijaribu njia nyingine. Tangu mwanzo ilipangwa kwa wakimbizi na wenyeji pamoja, na shule ni za wote. Si paradiso, joto ni lile lile na madarasa yamefurika. Lakini fikiria Kiswahili tu. Mturkana anakijifunza shuleni, Msudani Kusini vilevile, halafu anaingia Mkongo na "aksanti" yake, anakizungumza kama maji. Ghafla mgeni ndiye anayemsaidia mwenyeji lugha ya taifa la mwenyeji! Hiyo hakuna chati inaweza kuifanya.

Mwaka huo huo wa 2016, kwenye Olimpiki ya Rio, timu ya wakimbizi ilikuwa na wanamichezo 10. Watano walikuwa wakimbiaji waliotoka Kakuma. Tulishangilia sana mitandaoni, na sawa, walistahili.

Lakini kuna kitu hatukipostigi. Walimu wengi wa kambini ni wakimbizi wenyewe, na kwa miaka mingi wamelipwa posho, si mshahara kama mwalimu Mkenya wa darasa la jirani. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inataja haki ya kufanya kazi, lakini vibali ni shida kupata. Kwa hiyo kuna mwalimu ambaye kesho asubuhi atasimama mbele ya Mturkana, Mnuer na Msomali kufundisha somo la usawa. Mwisho wa mwezi atapanga foleni ya posho.