Kumbukumbu ya Mahali Data Zilipo: Ramani za Nakivale kutoka Droo ya Karani hadi Kompyuta ya Mezani

Mtafiti anayetaka kuujua mpaka wa Makazi ya Wakimbizi ya Nakivale hukutana kwanza na suala la jina. Makazi hayo yalifunguliwa mwaka 1958 na kutangazwa katika Gazeti la Serikali la Uganda mwaka 1960, wakati eneo hilo likiwa ndani ya Ankole. Baadaye yakahesabiwa chini ya Wilaya ya Mbarara, na mwaka 2005 Wilaya ya Isingiro ilipomegwa kutoka Mbarara, Nakivale ikaenda nayo. Ardhi haikusogea hata hatua moja. Hata hivyo, faili ya ramani iliyoitwa “Mbarara” mwaka 2004 na nyingine iliyopewa jina hilo mwaka 2006 hazielezi mahali pamoja. Makala haya yanadai kuwa historia ya mpaka huo haikamiliki bila historia ya jambo linaloonekana dogo: namna programu za ramani zinavyokumbuka mahali data zake zilipo.

Enzi ya karatasi, kumbukumbu hiyo ilikuwa mali ya ofisi. Ramani za Uganda za kipimo cha 1:50,000 zilikuwa na namba za shiti, na namba ndiyo iliyomwongoza karani hadi kwenye droo. Karani alistaafu; droo ilibaki.

Kompyuta iliuvuruga utaratibu huo. Katika ArcView 3, programu ya miaka ya 1990, faili ya mradi iliandika njia kamili ya kila tabaka la data, hivyo folda ikihamishwa mradi ulipofuka. ArcMap na ArcCatalog zilizofuata zilihifadhi miunganisho ya folda na kanzidata chini ya jina la mtumiaji wa kompyuta. Afisa alifungua mradi wowote akaikuta miunganisho yake yote ikimngoja. Ilikuwa raha, ila raha ya mtu mmoja: akipewa uhamisho, kumbukumbu iliondoka naye. ArcGIS Pro, iliyotolewa mwaka 2015, iligeuza mambo kwa kuifanya miunganisho kuwa sehemu ya mradi. Mwenye miradi kumi sasa alilazimika kuunganisha mara kumi, na ndipo ikaongezwa orodha ya vipendwa inayoweza kuingizwa katika kila mradi mpya. Orodha hiyo nayo, tukumbuke, hukaa katika wasifu wa mtumiaji. Tumerudi kwa afisa yuleyule.

QGIS, iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka 2002, inasimama katikati. Orodha ya miunganisho imo katika wasifu wa mtumiaji, ambaye tangu toleo la 3 la mwaka 2018 anaweza kuwa na wasifu zaidi ya mmoja. Anwani ya kila tabaka imo ndani ya mradi. Na orodha yenyewe inaweza kutolewa kama faili na kukabidhiwa mwenzake.

Kwa nini haya yawahusu washauri wa sera? Kwa sababu huko Nakivale mpaka si mstari wa pambo. Mwaka 2003 Refugee Law Project ilichapisha utafiti kuhusu matatizo ya ardhi katika makazi hayo, baina ya wakimbizi na wenyeji. Katika mazingira kama hayo, muunganisho uliokatika si hatari kubwa: programu huonyesha alama ya onyo, na mtumiaji hushtuka. Wa kuogopwa ni muunganisho unaofanya kazi vizuri kabisa huku ukielekea kwenye nakala ya zamani. Ramani za karatasi za Uganda zilichorwa kwa msingi wa upimaji wa Arc 1960, ilhali vipokezi vya GPS hutumia WGS 84, na tofauti baina ya misingi hiyo ni takriban mita 300. Mpaka ulionakiliwa kutoka shiti ya zamani bila kutaja msingi wake unaweza kuitupa nje ya makazi safu nzima ya viwanja, na hakuna alama ya onyo itakayojitokeza. Muunganisho hukumbuka anwani tu. Haukumbuki nani alipima, wala lini.

Upo pia upande wa usiri. Faili ya miunganisho inayotolewa katika QGIS inaweza kubeba nywila kwa maandishi ya kawaida, ikiwa mtumiaji alizihifadhi hapo. Kanzidata ya viwanja inapofungamana na majina ya wakimbizi, mrithi wa kompyuta hurithi pia mlango ulioachwa wazi, jambo lisiloafikiana na Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019.

Kwa maoni yangu, ofisi zinazoshughulikia Nakivale, ziwe Mbarara, Isingiro au Kampala, zirudishe mantiki ya droo. Mpaka uwe na nakala moja tu katika seva ya pamoja, ukiitwa kwa jina la makazi na tarehe ya upimaji, si kwa jina la wilaya. Orodha ya miunganisho itolewe bila nywila na iwekwe katika hati ya makabidhiano, pamoja na funguo za ofisi. Na kila afisa anayeingia apewe nywila yake mwenyewe, ile ya aliyemtangulia ikifutwa siku hiyohiyo.